Barua kwa mwanangu Zuhura, kuhusu safari ya Istanbul

Mwanangu Zuhura,

Wa alaykum salaam. Ujumbe wako nimeusoma tena baada ya alasiri, mama yako yuko pembeni anadai simu yake. Unasema mkutano wenu wa wahandisi wa mitandao unakwisha Alhamisi, na kazini wamekuruhusu kusogeza tiketi hadi Jumapili kwa hela yako mwenyewe. Unauliza ubaki uuone mji, au urudi na wenzako wasije wakasema ulikwenda kutalii.

Kuhusu wenzako sina la kusema. Mtu akitaka kukusema atakusema hata ukirudi na ndege ya kwanza. Mimi nina swali langu: nani kakwambia mji unaanza mkutano ukiisha?

Istanbul nilikwenda Machi 2009, Kongamano la Tano la Maji Duniani. Ninyi mnachokumbuka ni zile peremende laini zenye unga mweupe, kaka yako alizozimaliza akamsingizia paka. Haya. Tulikuwa Sütlüce, penye majengo yaliyokuwa machinjio ya mji zamani, kando ya Haliç, ule mkono wa bahari unaoingia mjini. Maelfu ya watu, kila mmoja na kitambulisho shingoni, mawaziri wanapita na misafara yao. Mchana mmoja tukawa kwenye kikao cha namna ya kuhifadhi maji katika miji inayokua. Slaidi inakwenda, slaidi inakuja, kile kidude cha tafsiri kinakwaruza sikioni. Rafiki yangu Babu Saruji akaniinamia: "Mhandisi, hapa tunahadithiwa matangi. Tangi lenyewe liko ng'ambo hiyo. Tunangoja nini?"

Tukapanda boti hadi Eminönü, tukala mkate wa samaki tumesimama, mafuta yanatuchuruzika hadi kwenye mikono ya koti, kisha tramu hadi Sultanahmet. Ukiwa karibu na Ayasofya, lile jengo kubwa la kale, vuka barabara tu, utaona kijumba ambacho ungedhani ni cha kukatia tiketi za basi. Ndani kuna ngazi. Unashuka, baridi inakupokea, na macho yakishazoea giza unaona nguzo, na nyuma ya nguzo nguzo nyingine, mpaka basi. Ziko 336, safu 12 za nguzo 28. Ndilo birika la Yerebatan, kazi ya enzi za Kaisari Justinian, karne ya 6. Maji yalikuja kwa mifereji ya matao kutoka msitu wa Belgrad, karibu kilomita 19, yakishuka kwa mteremko wenyewe, bila pampu hata moja.

Babu Saruji, unamjua, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, mlinzi akamkemea kwa Kituruki. Hakujali. Alitaka kuisikia ile lipu isiyopitisha maji. Tukatoa ratiba ya kongamano, tukaigeuza, tukapiga hesabu nyuma yake chini ya taa hafifu, matone ya dari yanatudondokea kwenye karatasi: mita 138 kwa 65, kina 9. Ukitoa nguzo, meta za ujazo kama 80,000. Kwa lita 40 kwa mtu kwa siku, watu laki moja wanakunywa, wanapika na kuoga siku 20, hata mvua isinyeshe. Tulitazamana tukacheka kama watoto. Kule juu mtu analipwa kutufundisha kwamba mji unahitaji akiba!

Mwishoni kabisa kuna vichwa viwili vya Medusa, yule mwanamke wa hadithi za Kigiriki mwenye nywele za nyoka, vya mawe, vimekalia chini ya nguzo, kimoja kimepinduliwa na kingine kimelazwa ubavu. Mwongoza watalii alikuwa anawaeleza Wajerumani habari za kufukuza mashetani. Babu Saruji akanong'ona: "Mashetani gani? Fundi nguzo zake zilikuwa fupi. Akaokota jiwe la kimo anachotaka, na uso ukakaa vile ulivyokaa. Nani angeuona ndani ya maji?" Mpaka leo sijasikia maelezo mazuri kuliko hayo. Na ujue, watu wa mtaa wa juu waliwahi kusahau kabisa kilichoko chini yao. Katika miaka ya 1540 Mfaransa mmoja, Petrus Gyllius, alikuta wanateremsha ndoo kwenye matundu ya sakafu za nyumba zao, wanachota maji na hata kuvua samaki. Mfikirie msoma mita wa zama hizo.

Nimekwambia tangu ungali mdogo: usiende mji wa watu ukautazama kwa macho ya kuazima. Tazama kwa fani yako. Kilwa Kisiwani, ukiwa darasa la tano, ulinuna juani mpaka tulipofika Husuni Kubwa, ukakiona kile kidimbwi cha pembe nane. Wenzako waliuliza sultani alikuwa na wake wangapi. Wewe uliuliza maji yalipandaje mpaka pale juu.

Sasa habari ya posho yangu ya safari ile, maana najua mama yako keshakuhadithia nusu. Tuliporudi nyumbani mkuu wa msafara aliandika kwamba mchana ule "nilionekana nikitalii". Mhasibu akaniita, posho ya siku ile ikakatwa. Kurasa mbili nilizoandika juu ya birika zilirudishwa zina mstari mwekundu na neno moja: "Haihusiani." Mkuu mwenyewe alikuwa akishinda Kapalı Çarşı, lile soko lenye paa, akipima makoti ya ngozi. Lakini alikuwa amesaini mahudhurio asubuhi. Kisha miaka ikapita, ofisi ileile ikaleta mtaalamu mshauri kutoka nje, akatuonyesha ukutani picha ya Yerebatan, na watu wakapiga makofi. Nilimtazama mhasibu. Alikuwa anapiga makofi.

Najua unachotaka kusema. Fedha ya umma ni fedha ya umma, na kama kila mjumbe angetoka na rafiki yake kwenda kugonga kuta, kongamano lingebaki na viti. Kweli. Kwa hiyo njia safi ni hiyo yako: kazi iishe, likizo ianze, ulipe mwenyewe, usidaiwe na mtu. Siipingi. Ila mimi nililiona lile birika maswali ya kikao yakiwa bado ya moto kichwani. Ningelingoja hadi Jumapili ningekuwa mtu wa kupiga picha kama wale Wajerumani. Lakini tena, wewe ni mwanamke, uko peke yako katika timu ya wanaume, wewe utahesabiwa hata dakika za chai. Sijui.

Uamuzi sikupi. Nikisema baki, mama yako atadai nakutuma ukanimalizie safari yangu. Nikisema rudi, nitakuwa nasema nisichokiamini, kwa hiyo hilo silisemi.

Ila ukijikuta uko huko siku ya Ijumaa, panda Mnara wa Galata. Enzi za Waosmani uliwahi kukaliwa na walinzi wa moto. Wakiona moshi, habari ilibidi iufikie mji kabla ya moto wenyewe, na mji ulikuwa wa nyumba za mbao. Hiyo si kazi yenu hiyo, kufikisha habari kwa wakati? Macho yako, si ya kuazima. Ayasofya imerudi kuwa msikiti tangu 2020, basi chukua mtandio, na Ijumaa mchana usiende kwa matembezi. Vaa viatu vya kutembelea, mji ule ni vilima vitupu, na kule birikani njia huteleza.

Mkwe wangu msalimie, mwambie ile jenereta imepona. Peremende usilete nyingi, daktari wa mama yako ameshasema.

Baba yako