Uzio wa saiprasi unakauka? Usinunue dawa kabla hujafungua matawi ya ndani

Mkuu, weka hiyo pampu chini kwanza. Umesema uzio wa misaiprasi wa mteja wako Usa River unageuka kahawia, muuza pembejeo amekuambia ni ukungu, na kesho unapiga dawa ya shaba. Unataka kipimo cha dawa, bei ya kumtoza mteja, na mti wa kupanda badala yake. Kipimo sikupi. Hujasema umeona nini ndani ya hayo matawi, na mimi hapo ndipo nilipoangamia.

Kazi yenyewe ilikuwa Lushoto, uzio mzuri wa miaka mingi, mrefu kuliko mtu. Muuza dawa aliniambia ni ukungu uleule uliomaliza misindano. Ule wa misindano ulikuwepo kweli, na miaka ya 1960 ulifanya msindano aina ya Pinus radiata uachwe kwenye mashamba ya miti Kenya na Tanzania. Lakini ule ni ugonjwa wa misindano, unaacha mikanda myekundu kwenye majani yake. Saiprasi haumo! Yule bwana hakuomba hata kijitawi akitazame. Alisikia "inakauka", akashusha pakiti. Nikapiga, nikarudia, na kahawia ikazidi kutambaa.

Nikamrudia. Akaniambia kata sehemu zote zilizokauka mpaka kwenye matawi matupu ya ndani, itachipua. Mkuu, saiprasi haichipui kwenye tawi kongwe lisilo na majani. Mchongoma utaufyeka mpaka kisiki na utarudi. Saiprasi ukishapita majani ya kijani, tundu ulilolitoboa ni la kudumu. Yule mama mwenye nyumba akawa anaonekana kutoka barabarani akianika nguo. Pesa yangu hakunipa, na uzio mpya niliugharamia mimi. Dawa isiyofaa ni hasara ya pakiti, ila ule mkasi ndio ulioua uzio wa watu. Mtu anayeuza ushauri wa namna hiyo akiwa amekaa nyuma ya kaunta anawaharibia mafundi wote wa bustani, na nitalisema kila nikisikia mtu ametumwa tena kupiga shaba.

Kumbe waliokuwa wanakausha uzio ule ni vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu. Hawa wa saiprasi walionekana Malawi mwaka 1986, na kufikia 1990 walikuwa Kenya. Wana rangi ya gome, milimita mbili hadi nne, wanajipanga kwenye vijitawi vya ndani penye kivuli, ndiyo maana ukisimama nje huwaoni. Mate yao yana sumu kwa mti, kwa hiyo tawi linakufa hata kama wadudu ni wachache kuliko ulivyotarajia. Usiwatafute katikati ya sehemu iliyokauka, kwa kuwa mara nyingi wameshahama. Watafute pale kijani inapopakana na kahawia. Tandika karatasi nyeupe chini ya tawi, ligonge kwa fimbo, uone kinachoanguka. Majani yakinata mkononi, kukiwa na masizi meusi na sisimizi wanapanda na kushuka, jibu unalo, na dawa ya shaba haitawagusa.

Kama karatasi ni tupu, kwangua gome pale tawi bichi linapokutana na lililokufa. Ukikuta kidonda kilichobonyea, utomvu unavuja na chini ya gome ni kahawia, huo ndio ukungu wa vidonda. Hapo kata tawi chini ya kidonda, choma, na osha mkasi kwa spiriti kabla ya kugusa mti mwingine. Kama ni mti mzima umegeuka kwa pamoja, chimba shinani ubandue gome. Utando mweupe wenye harufu ya uyoga ni kuoza kwa mizizi, na mara nyingi chanzo ni visiki vya zamani vilivyoachwa ardhini.

Na kama kuna mitarakwa, miti ya jamii moja na saiprasi, karibu na uzio, ikague pia, kwa sababu vidukari hao wanaishambulia.

Kwa hiyo kesho nenda na karatasi na kisu, pampu ibaki nyumbani. Mkasi usiguse chochote chenye kahawia mpaka ujue ni nini. Piga picha za ndani ya matawi, siyo za uzio kwa mbali kama hizi ulizoweka, uzitupie hapa tuzione.