Maswali na majibu ya magari: Namba umeiona, chasisi umesoma?

Maswali ya safari hii nimeyachagua kwa sababu yote yanazunguka kitu kimoja: sedani za heshima zilizotumika, na ununue ya mwaka gani. Walioniandikia "gari gani zuri?" bila kutaja gari wala bajeti, wasisubiri jibu hapa.

Kaka habari za kazi. Nimeonyeshwa Crown mbili, dalali anasema zote za 2008. Sura hazifanani na bei zinapishana sana. Napigwa? (Tabata)

Inawezekana hupigwi. Mwaka 2008 una Crown mbili tofauti. Ile iliyojulikana kama Zero Crown ilianza Desemba 2003 na ikakoma mapema 2008. Februari ya mwaka huohuo likaingia toleo jipya. Kwa hiyo ukiambiwa "Crown ya 2008" hujaambiwa kitu. Soma namba ya chasisi. Ikianza na GRS180 ni toleo la zamani lenye injini ya lita 2.5, GRS182 ni lilelile la zamani lenye lita 3.0. GRS200 na GRS202 ndilo toleo jipya, kwa mpangilio huohuo wa injini. Chasisi iko kwenye kadi ya gari na imegongwa kwenye bodi. Zisome zote mbili, na zikitofautiana hata tarakimu moja, aga uondoke.

Halafu jua kwamba cheti cha kusafirishia gari kutoka Japani kinaandika tarehe ya usajili wa kwanza, na hiyo si lazima iwe tarehe ya kutoka kiwandani. Gari linaweza kuundwa Novemba 2007 likapata mnunuzi Februari 2008. Ukitaka kupunguza ubishi, vuta mkanda wa kiti hadi mwisho, kuna kitambaa kidogo chenye tarehe ya kutengenezwa mkanda. Angalia mikanda yote. Mmoja ukiwa wa miaka ya mbele kuliko wenzake, uliza ule wa mwanzo ulibadilishwa kwa ajali gani.

Sasa ipi ununue? Ukiwa unazungumzia lita 2.5, injini ni ileile, 4GR-FSE. Pesa ya ziada unayotakiwa kutoa kwenye GRS200 inanunua sura na mambo ya ndani. Mimi ningechukua ya zamani iliyotunzwa kuliko mpya iliyochoka. Injini hiyo ina tabia moja ambayo madalali hawaitaji: petroli inamwagwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo valvu za kuingiza hewa hazioshwi na mafuta na zinajaa masizi. Gari linaanza kutetemeka likiwa limesimama kwenye taa, linakosa nguvu, taa ya cheki injini inawaka. Foleni ya barabara ya Mandela asubuhi na jioni haisaidii. Fundi atakwambia ubadilishe plagi na koili, utabadilisha, na gari litaendelea kutetemeka. Dawa ni kufungua manifoldi na kusafisha valvu. Crown za lita 3.5, zenye injini ya 2GR-FSE, zina nozeli mbili kwa kila silinda, moja inamwaga mlangoni mwa valvu na nyingine ndani, ndiyo maana shida hiyo kwao ni ndogo. Ila lita 3.5 mafuta yake unayajua.

Gari namba D na gari namba E, mwaka mmoja, ipi bora? (wasomaji wengi, mno)

Swali hili nimelijibu hadi nimechoka. Herufi za namba zinakwambia gari lilisajiliwa Tanzania lini. Hazisemi lilitengenezwa lini, lilitembea kiasi gani Japani wala Uingereza kabla ya kupanda meli, wala lilipinduka mara ngapi. Kuna Crown ya 2005 iliyoingia nchini juzi ikapata namba E, na kuna ya 2010 iliyoingia zamani ikapata namba C. Mtu ananunua ya 2005 kwa pesa zaidi kwa sababu majirani wa Sinza wanasoma namba, hawasomi kadi. Na madalali wanalijua hilo vizuri kuliko mnavyojua nyinyi.

Namba mpya ina faida moja tu ya kweli: gari limekula matuta yetu na vumbi la Goba kwa muda mfupi. Hiyo ina thamani kwenye bushi na shokapu. Haina thamani ya mamilioni.

Shikamoo mzee. Nataka Mercedes C200. Ya 2009 na ya 2012, tofauti ni sura tu au kuna zaidi? Pia rafiki yangu amesoma chasisi akasema herufi ya kumi inaonyesha gari ni la 2002! (Mbezi Beach)

Marahaba. Tuanze na rafiki yako, maana amesababisha wengi wakosane na wauzaji wasio na kosa. Ile kanuni ya herufi ya kumi ni ya magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani. Kwenye Mercedes zilizouzwa kwingineko, nafasi ya kumi inaonyesha upande wa usukani: 1 ni kushoto, 2 ni kulia. Barabara zetu ni za usukani wa kulia, kwa hiyo karibu kila Mercedes utakayoiona Dar ina 2 hapo. Hii C-Class unayoitaka, W204, ilianza kuuzwa 2007. Hakuna ya 2002. Na Toyota zilizouzwa Japani chasisi zao hazina herufi ya mwaka kabisa.

Sasa swali lako. Zaidi ya sura kipo. W204 za mwanzo za C200 ni Kompressor, yaani injini inasukumiwa hewa na kompresa, zina giaboksi ya gia 5. Kuanzia 2009 na 2010 zikaja za CGI, zenye taabo na petroli inayomwagwa moja kwa moja ndani ya silinda. Mwaka 2011 gari likabadilishwa sura, dashibodi mpya, na giaboksi ya gia 7. Kwa kuendesha, ya 2012 ni gari tamu zaidi, sibishi. Lakini injini za C200 hizi, zinazoitwa M271, hasa za CGI, zina ugonjwa wa cheni ya taimingi na meno ya kamshafti kulika. Cheni ikivutika unasikia mlio wa kugongagonga kwa sekunde chache gari likiwashwa baridi. Ikiruka meno, unafumua injini.

Ndiyo maana nasema, na nitarudia mpaka mnichukie: nenda kaone gari alfajiri, injini ikiwa baridi, na umwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Weka mkono juu ya boneti. Ukikuta la moto, mtu huyo ana sababu ya kulipasha. Muuzaji anayekuita saa nane mchana "njoo tu lipo barabarani" amekunyima ile sauti ya sekunde tano ambayo ingekuokoa.

Jingine kwenye W204 zote ni kufuli la umeme la usukani. Siku likifa unachomeka ufunguo na hakuna kinachotokea, gari linabaki pale lilipo. Linatengenezeka, ila si kwa fundi wa chini ya mwembe. Tafuta fundi mwenye mashine ya Mercedes, na umpate kabla hujanunua gari.

Kwa kifupi: ya 2012 yenye historia ya oili kubadilishwa kwa wakati na cheni iliyoshughulikiwa, chukua. Ya 2012 isiyo na karatasi yoyote na ya 2009 ya Kompressor iliyotunzwa, chukua ya 2009.

Nyeusi au nyeupe? (Kigamboni)

Nyeupe. Jua la Dar unalijua.

E-Class ya 2004 na ya 2007, ni W211 zote, kwa nini nilipe zaidi? (Ubungo)

Kwa sababu ya breki. W211 za kabla ya mabadiliko ya 2006 zina mfumo wa breki wa umeme unaoitwa SBC. Pampu yake inahesabu kila unapokanyaga, na idadi ikitimia inawasha taa nyekundu na kudai ibadilishwe. Mercedes wenyewe waliuacha mfumo huo kwenye E-Class 2006 wakarudi kwenye breki za kawaida. Ukiona taa hiyo kwenye gari unalouziwa na dalali anasema "ni sensa tu," mwachie asafiri nalo yeye.

Tahadhari ya pili, maana hukuuliza lakini utaingia humo: E280 na E350 za V6, injini ya M272, zilizotoka hadi karibu na mwisho wa 2006 zina gia ya shafti ya mizani (ile inayotuliza mtetemo wa injini) inayolika. Kuitengeneza ni kushusha injini. Kwa hiyo 2007 halisi, si 2006 iliyosajiliwa 2007. Umeona sasa kwa nini nasisitiza kitambaa cha mkanda?

BMW 320i ya 2013 au ya 2016? (Tegeta)

Ya 2016. Ya 2013 ina injini ya N20, miongozo yake ya plastiki ya cheni ya taimingi inavunjika na vipande vinaangukia kwenye sampu ya oili. Injini ya B48 iliingia na mabadiliko ya katikati ya 2015, kwa hiyo mtu akikuuzia ya 2015 muulize mwezi.

Naagiza mwenyewe Japani. Kuna Crown Athlete mbili: moja haibridi ya lita 2.5, itakuwa na miaka 9 ikifika bandarini. Nyingine ya taabo ya lita 2.0, itakuwa na miaka 7. Ya haibridi bei ya kule ni nafuu zaidi. Nichukue ipi? (Masaki)

Nafuu ya kule inaliwa hapa. Gari la miaka 8 hadi 10 lina ushuru wa ziada wa uchakavu wa asilimia 15, na likivuka 10 ni asilimia 30. Umri huo TRA, mamlaka ya mapato, wanauhesabu kutoka mwaka wa kutengenezwa. Hapo hapo injini iliyozidi sisi (cc, ukubwa wa injini) 2,000 ina ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, wakati kati ya 1,000 na 2,000 ni asilimia 5. Injini ya taabo, 8AR-FTS, ina sisi 1,998. Wajapani wamekuachia sisi mbili za kukuokoa. Ya haibridi ina 2,493. Juu ya hayo kuna ushuru wa forodha asilimia 25 na VAT asilimia 18, na kodi hizi zinapandiana: VAT inatozwa juu ya bei iliyokwisha kuongezwa ushuru. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA mtandaoni, weka magari yote mawili, ndipo ulipe hata dola moja kule Japani. Watu wanalipia gari kwanza halafu wanakuja kuniuliza wafanye nini, na gari liko bandarini linakula gharama za kuhifadhiwa.

Upande wa ufundi: taabo iliingia kwenye Crown mwishoni mwa 2015, na inataka oili safi na mtu asiyezima gari likiwa limetoka kukimbizwa Chalinze. Haibridi inataka betri nzima. Betri iko nyuma ya kiti cha nyuma na inapozwa kwa feni inayovuta hewa ya ndani. Ikizibwa na vumbi au mizigo, inakufa mapema. Kwa kodi na kwa umri, kwenye hesabu yako wewe nachukua taabo.

Mark X ya 2006 kilomita 140,000, na ya 2010 kilomita 61,000. Nadhani jibu liko wazi? (Kimara)

Kwako liko wazi, kwangu bado. Kilomita 61,000 zimeandikwa na nani? Dashibodi inarudishwa nyuma kwa pesa ndogo na kwa muda wa kunywa soda. Omba karatasi ya mnada wa Japani ya gari hilohilo, kwa chasisi hiyohiyo. Humo kuna kilomita za siku ya mnada na alama ya hali: 4 na 3.5 ni magari ya kawaida yaliyotumika, R ni gari lililogongwa likatengenezwa. Muuzaji akikosa karatasi, angalia pedali ya breki, ngozi ya usukani na kiti cha dereva. Pedali iliyolika hadi chuma haina kilomita 61,000.

Zikithibitika, ndiyo, chukua ya 2010. Toleo la pili la Mark X, GRX130, lilianza Oktoba 2009, na ile ya lita 2.5 Toyota waliirekebisha inywe petroli ya kawaida. GRX120 ya 2006 ilitengenezewa petroli ya oktani ya juu. Masizi kwenye valvu yapo kwa zote mbili, soma jibu la msomaji wa Tabata hapo juu.

Mercedes S350 ya 2007 naipata kwa bei ya Crown. Kuna ubaya? (Sinza)

Bei ya kununua ndiyo ya Crown. Spea ni za S-Class. Sospensheni yake ni ya upepo, na mpira mmoja ukitoboka asubuhi utalikuta gari limelala upande mmoja kama ngamia. Mafundi wa hapa watakushauri uweke springi, utaweka, na utakuwa na S-Class inayoruka matuta kama daladala.

Ukiwa bado unaitaka, uliza kwanza ilikuwa inalala wapi. Mafuriko ya Jangwani yamezamisha magari mengi, na gari la aina hii lina vidhibiti vya umeme chini ya zulia. Nyanyua zulia la nyuma, nusa, angalia kutu kwenye reli za viti. Kisha mwambie muuzaji mkutane saa kumi na mbili asubuhi, utazame limesimama kimo gani baada ya kulala usiku kucha, na ukague deni la faini za trafiki na la maegesho kwa namba ya gari kabla hujaenda, usije ukayarithi.