Jibu: Duran Duran wanasifiwa, mbona mimi sisikii kitu?

Salaam mkuu. Unasema tangu wakosoaji waanze kuwasifu Duran Duran umejaribu kuisikiliza bendi hii ya Uingereza, ila unaambulia nywele na video tu. Hata mimi nilikwama hapohapo.

Kwanza angalia unasikilizia nini. Kama ni spika ya simu, besi haisikiki, na bendi hii bila besi ni nusu bendi. Vaa hedifoni, weka albamu ya Rio ya 1982, video achana nazo. Mfuate mpiga besi John Taylor peke yake: vidole havitulii, vinakimbia chini ya sauti ya mwimbaji Simon Le Bon kama mtu anayecheza dansi jikoni wakati wenzake wanaongea sebuleni. Mtindo ule aliuchota kwa Bernard Edwards, mpiga besi wa bendi ya Chic ya Marekani. Ukishaunasa, rukia albamu ya Notorious ya 1986. Nile Rodgers, mwenzake Edwards, alishiriki kuitayarisha.

Walianza Birmingham 1978, wakaingizwa Rock and Roll Hall of Fame, ukumbi wa heshima wa wanamuziki wa roki huko Marekani, 2022. Miaka 44! Tumefurahi, ingawa nina kinyongo kidogo na waliotucheka zamani.

Albamu ya Thank You ya 1995 iache kwanza. Hiyo hata sisi mashabiki tunaitetea shingo upande.