Lori la skeli 1/20 linaloonekana la kuchezea: tatizo liko chini

SWALI: Shikamoo fundi. Nina miaka 23, niko Ipuli hapa Tabora, kazi yangu kuchomelea mageti. Jioni natengeneza malori madogo, siyo ya kuuza, najifurahisha tu. Sasa hivi nina Scania, kichwa na tela la kontena, skeli 1/20. Kebini nimeikata kwa triplai ya milimita 3, chesisi ni bapa la chuma, vipimo nilichukua kwenye gari lenyewe kwa futi kamba nikagawanya kila kimoja kwa 20. Nimerudia hesabu mara mbili. Magurudumu ni vifuniko vya chupa za maji nilivyopaka rangi nyeusi. Lakini likikaa mezani linaonekana la kuchezea watoto, na sioni kosa liko wapi. Pia nilipaka rangi nyeupe ya mafuta kwa brashi, kesho yake nikapuliza juu yake nyekundu ya NC, ile rangi ya magari inayokauka haraka, ikajikunja yote kama utando wa maziwa. Nianze upya, au ninunue yale ya kiwandani ya kuunganisha?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Usianze upya. Kebini yako haina kosa kubwa, na hesabu zako ziko sawa isipokuwa mahali pamoja ambapo hukupiga hesabu kabisa. Lori lako limevaa viatu vya mtu mwingine.

Ukipita maegesho ya malori, chutama usome ubavu wa tairi. Kwenye semi nyingi utakuta 315/80R22.5. Ile 315 ni upana wa tairi kwa milimita. Ile 80 ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 80 ya upana huo, yaani milimita 252. Ile 22.5 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, ambacho ni milimita 571.5. Ubavu uko juu na uko chini, kwa hiyo 252 mara mbili ni 504. Jumlisha na rimu unapata 1,075.5. Tairi la Scania lina zaidi ya mita moja kwenda juu.

Gawanya kwa 20: karibu milimita 54. Kifuniko cha chupa ya maji kina kama milimita 30. Zidisha 30 kwa 20 uone umefunga tairi gani: sentimita 60. Hiyo ni 185/65R14, tairi la gari dogo la kwendea sokoni. Semi ya ekseli sita umeisimamisha juu ya hilo, halafu unashangaa kwa nini imechuchumaa.

Jicho la mtu halina futi kamba, lakini mtu aliyekulia kando ya barabara ya malori anajua bila kufundishwa kwamba tairi la mbele linafika wapi kwenye mlango, na uwazi kati ya tairi na madigadi unatosha mkono au hautoshi. Ukikosea kioo kwa milimita mbili hakuna atakayekwambia. Ukikosea tairi, hata mtoto wa chekechea atacheka.

Sasa habari njema. 571.5 gawanya kwa 20 ni 28.6, na ukiongeza ukingo wa rimu unaotokeza nje unafika karibu 30. Kifuniko chako ni rimu! Kitu ulichokuwa nacho ni sahihi, ila umekiweka mahali pa tairi.

Tairi lenyewe tafuta kwenye duka la vifaa vya maji: bomba jeusi lenye mistari ya bluu, lile la rola linalozikwa ardhini, la milimita 50. Hiyo 50 ni kipenyo cha nje, kwa hiyo unajua unachonunua. Kata vipande vya milimita 16, maana 315 gawanya kwa 20 ni karibu 16. Hapo umepata 50 na unataka 54. Chukua tyubu chakavu ya baiskeli, kata ukanda wa upana uleule wa milimita 16, uzungushe mara mbili kwenye kipande chako na uugandishe. Mpira wa tyubu una kama milimita moja. Mizunguko miwili inaongeza mbili kila upande, na 50 inakuwa 54. Faida nyingine ni kwamba ni mpira wa kweli, unang'aa kwa unyonge kama tairi linavyong'aa, rangi ya kopo haiwezi kuigiza hilo.

Katikati ya bomba patabaki tundu kubwa kuliko kifuniko. Lijaze kwa duara la soli ya kandambili nyeusi, toboa katikati kwa ukubwa wa kifuniko, sukuma kifuniko humo. Yale meno ya kifuniko yasage kwanza kwa msasa. Kwa semi ya tairi 22, yaani mbele mbili, nyuma ya kichwa nane na kwenye tela 12, pamoja na spea moja, unahitaji vipande 23. Ukihesabu na unga unaoliwa na msumeno, sentimita 40 za bomba zinatosha. Muuzaji atakuuliza unajenga nini.

Hapa sasa ndipo wengi hupapita haraka, na mimi ndipo ninapokaa usiku kucha. Rimu ya lori ina nati 10, na duara la nati hizo lina kipenyo cha milimita 335. Kwa skeli yako ni kama 17. Chora duara la 17 kwenye kifuniko, weka alama kila nyuzi 36, toboa kwa sindano ya moto, chomeka vichwa vya pini ulivyovikata miguu. Halafu angalia gari halisi: rimu ya mbele imetokeza nje, ya nyuma imezama ndani kama sahani, kwa sababu nyuma matairi yamefungwa mawili mawili. Vifuniko vya mbele vigeuze mgongo nje, vya nyuma tumbo nje. Kwa kitendo hicho tu cha kugeuza kifuniko, lori litaacha kuwa la kuchezea hata kabla hujalipaka rangi.

Mwisho kwenye tairi, sugua sehemu inayokanyaga meza kwa msasa, milimita moja hivi, liwe bapa. Lori lenye mzigo halisimami juu ya nukta.

Nakushauri siku nyingine uanze na tairi ndipo uchague skeli, siyo kinyume. Ukiwa na bomba la milimita 40, gawanya 1,076 kwa 40, lori lako ni 1/27 na hakuna aliyekukataza. Wengine watakwambia skeli ni 1/24 au 1/25 tu. Hizo ni za viwanda. 1/24 ni nusu inchi kwa kila futi, basi, haikushuka kutoka mbinguni. Na hao wakubwa nao waliyafanya hayahaya: Tamiya ya Japani ilipotoa kifaru cha Panther mwanzoni mwa miaka ya 1960, ukubwa wake uliamuliwa na nafasi ya mota na betri zilizotakiwa kuingia ndani. Walipokuja kupima wakakuta ni 1/35, na leo skeli hiyo inaheshimiwa dunia nzima. Wao betri, wewe bomba la maji.

Kuhusu vipimo, siku dereva akikataa usiguse gari lake, tairi linakutosha kama rula. Piga picha ubavuni ukiwa mbali, simu ikiwa kimo cha kitovu cha gurudumu, halafu vuta kwa zumu. Ukipiga ukiwa karibu, pua inavimba na mkia unasinyaa. Kwenye picha pima tairi, ukijua ni 1,076 kila kingine kinajihesabu. Likiwa na kontena ndiyo raha zaidi, kwa kuwa kontena la futi 20 ni urefu milimita 6,058, upana 2,438 na kimo 2,591, liwe limetoka China au Brazili. Tela lako kwa 1/20 libebe kasha la milimita 303 kwa 122 kwa 130.

Kosa la pili ni dogo lakini lipo. Triplai ya milimita 3 kwa skeli yako ni sentimita 6. Bati la kebini halisi halizidi sana milimita moja. Kwa hiyo ukitazama dirishani kwako unaona ukingo mnene kama wa mlango wa ghala. Huna haja ya kubadilisha triplai. Chukua tupa, punguza kingo kwa ndani, kwenye madirisha na matao ya magurudumu, mpaka ukingo unaoonekana ubaki kama unene wa kadi. Madigadi usiyakate kwa triplai kabisa. Kata bati la kopo la maziwa, wewe unachomelea mageti, bati halikutishi. Mimi nyuso za mbele huzitoa kwenye bomba la PVC nililolipasua, nikalilainisha kwa moto wa mbali na kulilaza chini ya ubao mzito. Lisiungue, moshi wake ni sumu. Na PVC haisahau: niliwahi kuacha Fuso yangu kwenye dashibodi ya gari la mteja, jua la saa nane pale Mwanga, hapa Kigoma, na niliporudi uso wa Fuso ulikuwa umeanza kukumbuka kwamba ulizaliwa bomba.

Rangi. Hapa nakujibu kama fundi wa rangi za magari, maana ndiyo inayonilisha. NC inakauka kwa tina kuruka, basi. Rangi ya mafuta inakauka kwa kuvuta hewa polepole, na kesho yake juu inashikika lakini ndani ingali mbichi. Ulipopuliza NC, tina yake kali ikapenya chini, ile ngozi ya nyeupe ikavimba ikakosa pa kwenda, ikajikunja. Huwezi kuinyoosha. Kwangua yote mpaka kwenye mti, piga puti nyembamba kuziba vinyweleo vya triplai, msasa 240 kisha 400, praima ya NC, halafu NC juu yake mwanzo hadi mwisho. Mafuta juu ya NC iliyokauka inakubali. NC juu ya mafuta, hapana, hata ikikaa wiki.

Puliza mikono mitatu myepesi, ya kwanza iwe kama umande tu. Brashi iache kwa mageti, kwa sababu rangi haina skeli: mchirizi wa robo milimita kwenye modeli yako ni nusu sentimita kwenye gari la kweli, na umefunika mistari ya milango uliyohangaika kuikata. Nyekundu nayo idondoshee nyeupe kidogo, isikolee kama gari kubwa, na mng'aro uupunguze. Kitu kidogo kiking'aa sana kinaonekana pipi. Kuanzia Novemba mpaka Aprili, mvua zenu zikiwa zinanyesha, usipulize asubuhi mapema wala mvua ikikaribia. Unyevu ukiingia kwenye NC rangi inatoka na ukungu mweupe. Subiri saa nne au saa tano, siku kavu. Funika pua na mdomo vizuri, kaa mbali na jiko.

Ya kiwandani? Ni mazuri. Italeri ya Italia wanatoa malori ya 1/24, Scania zimo, na ukiyaunganisha utajifunza mengi kuhusu mpangilio wa chesisi. Ila plastiki yake siyo hii yetu, tina ya NC inaitafuna, kwa hiyo mazoea ya gereji yaache mlangoni. Na wala usione aibu kuunganisha kilichokatwa na mwingine. Sisi wa Kigoma tunayo meli ya Liemba: ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye makasha, ikaja kuunganishwa hapa ziwani. Lakini kwa mtu anayejua kuchomelea, na ambaye tatizo lake lilikuwa tairi tu, mimi fedha hiyo ningenunua kalipa, kile kipimio cha milimita.

Ukimaliza, usiliache safi. Gari la kontena lililotoka Tabora likapita Kaliua, Malagarasi na Uvinza halifiki huku likimeremeta. Chukua vumbi la barabarani kwenu, lianike, lichekeche kwa soksi ya nailoni mpaka libaki kama poda, maana chembe ya kawaida kwa skeli yako ni kokoto. Lipake kwa brashi laini na kavu, kutoka chini kwenda juu: nyuma ya kila gurudumu, ndani ya madigadi, ngazi ya dereva. Mlango wa nyuma wa kontena uupake kuliko ubavu, kwa sababu lori likikimbia hewa inajirudisha nyuma yake na vumbi lote linaishia hapo. Vioo vya mbele viachie ile nusu duara safi ya waipa. Na kwenye mlango wa dereva, karibu na kitasa, futa kidogo kwa kidole, pale anaposhika kila siku.