Usukani Unarudia Kuvuta, na Waranti Bado Ipo

Safari hii tuna barua nne za usukani, zote kutoka Mwanza na vitongoji vyake. Ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu kosa lililomo tunaliona kila mwezi: mwenye gari ana haki, lakini karatasi alizonazo zinamtetea wakala.

SWALI: Nina pikapu ya kabini mbili niliyoinunua mpya. Ina miezi 14 na kilomita 31,000, waranti ni miaka 3 au kilomita 100,000. Inavuta kushoto. Wakala ameshapiga alaimenti mara tatu, inakaa sawa wiki mbili au tatu kisha inarudi kulekule. Sasa anasema ni barabara zetu. Nifanyeje? — *Msomaji, Buhongwa*

JIBU: Ndugu yetu wa Buhongwa, alaimenti inayodumu wiki mbili maana yake kuna kitu kinahama. Alaimenti haitengenezi kifaa chochote. Ni kupanga pembe za magurudumu na kukaza nati. Pembe zikiharibika tena bila gari kugonga kitu, ama kuna kiungo kimelegea, ama nati hazikukazwa inavyotakiwa. Kwa hiyo safari ya nne usiende kuomba alaimenti. Ukiiomba utapewa, karatasi itaandikwa "alaimenti imefanyika, gari liko sawa", nawe utakuwa umewasaidia kufunga faili.

Kwanza ondoa visingizio rahisi, maana ndivyo utakavyokutana navyo mapokezi. Pima upepo asubuhi kabla gari halijatembea, ulinganishe na kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kisha hamisha matairi ya mbele, la kushoto liende kulia na la kulia lije kushoto, isipokuwa kama yana mshale wa mwelekeo ubavuni. Gari likianza kuvuta kulia, tatizo ni tairi, na matairi mara nyingi yana waranti yake peke yake. Likiendelea kuvuta kushoto, tairi limesafishwa jina. Angalia pia breki: baada ya safari ya kama nusu saa, sogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Ya kushoto ikiwa na joto kali kuliko ya kulia, breki ya upande huo inakwama.

Lipo na la mteremko. Sisi tunaendesha kushoto, na lami hujengwa ikiinamia kando ili maji ya mvua yatoke, kwa hiyo gari lolote zima litasogea kushoto kidogo kidogo. Wakala atakwambia hivyo, na kwa kiasi fulani atakuwa anasema kweli. Usibishane naye kwa maneno. Mwombe alete gari jingine la aina hiyohiyo, mpite kipande kilekile cha barabara kwa mwendo uleule, fundi wake akiwa kwenye usukani. Mhesabu sekunde ambazo kila gari linachukua kuacha mstari wake. Na msifanyie jaribio hilo darajani Kigongo–Busisi. Upepo wa ziwani ukipiga ubavu wa pikapu, hata iliyo nzima itayumba.

Sasa tuingie chini ya gari. Kwenye pikapu nyingi za aina yako, mkono wa chini wa mbele, ambao mafundi wanauita loa amu, unashikwa na bolti zenye kisahani chenye mistari midogo. Kisahani kikizungushwa, pembe ya gurudumu inabadilika. Hapo ndipo fundi wa alaimenti anapofanyia kazi. Nati ya bolti hiyo isipokazwa kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu cha gari, shimo moja la nguvu linatosha kukizungusha tena. Kuna na kosa la pili, baya zaidi kwa sababu halionekani mapema. Bushi za loa amu, yaani raba zinazoishikia kwenye fremu, hukazwa mwisho gari likiwa limekalia matairi yake. Zikikazwa gari liko juu ya lifti na magurudumu yananing'inia, raba ya bushi inabaki imejipinda muda wote gari likiwa chini, na inapasuka kabla ya wakati wake.

Kuna kipimo kisicho na gharama cha kujua nani anahama. Siku ya alaimenti, mwombe fundi apige mstari mmoja wa rangi nyeupe unaopita juu ya nati, kisahani na chuma cha fremu. Afanye hivyohivyo kwenye nati ya kufungia ya tairodi, ile fimbo inayosukuma gurudumu ligeuke, kushoto na kulia. Piga picha. Gari likirudi kuvuta, ingia chini uangalie: mstari ukiwa umekatika, nati imelegea na kosa ni la ukazaji. Mstari ukiwa umenyooka bado, tafuteni kwenye bushi, boljointi (kiungo cha mpira wa chuma kinachoshika gurudumu kwenye mkono wake), tairodi endi (ncha ya tairodi) au reki yenyewe, yaani boksi la usukani linalosukuma tairodi.

Kuzipima hizo, gari liinuliwe kwa jeki na kuwekwa juu ya steni, yaani miguu ya chuma ya kulishikilia, jeki peke yake haitoshi. Shika gurudumu kushoto na kulia ulitikise: mchezo hapo, yaani ulegevu, unaelekeza kwenye tairodi au reki. Shika juu na chini: mchezo unaelekeza kwenye boljointi au beringi ya gurudumu. Kisha gari likiwa chini, magurudumu yamenyooka, pima ukingo wa usukani unacheza milimita ngapi kabla magurudumu hayajaanza kugeuka. Vitabu vingi vya Toyota vinaweka mwisho wa milimita 30. Cha gari lako kina kipimo chake.

Kuhusu "barabara zenu": pigo la shimo huacha alama. Rimu inakuwa na mkato, tairi linaota nundu ubavuni, fimbo ya tairodi inapinda, loa amu inakuwa na mkwaruzo mpya wa chuma. Kama hakuna hata kimoja, na bushi imepasuka katikati ya raba, mwombe wakala aandike ni alama gani aliyoiona ya kugongwa. Pikapu imetangazwa kwa barabara za vumbi na mawe. Kuiuzia Mwanza kisha kulaumu mawe ya Mwanza ni hoja nyepesi. Ila kama uliiinua kwa spesa juu ya springi, au ulifunga matairi makubwa kuliko ya kiwandani, sema ukweli mapema. Kuinua gari kunabadilisha pembe zote za mbele, na hapo wakala ana mlango wa kutokea.

Tufike kwenye karatasi. Kila unapopeleka gari hufunguliwa jobu kadi, yaani fomu ya kazi ya gereji, na mhudumu wa mapokezi huandika kwa kifupi chake: "stelingi nzito", "angalia alaimenti". Usisaini hiyo. Mpe sentensi yako aiandike kama ilivyo:

"Gari linavuta kushoto kwa mwendo wa 60 hadi 80, lami tambarare, upepo wa matairi umepimwa. Usukani ukilegezwa, linahama mstari ndani ya sekunde 4. Alaimenti ya mwisho ilifanyika kilomita 29,400, tatizo likarudi kilomita 30,250. Hii ni mara ya nne kwa tatizo hilihili."

Maneno ya mwisho ndiyo yenye uzito. Bila hayo, kwenye kompyuta ya wakala utaonekana mteja aliyekuja mara nne kwa mambo manne tofauti. Wakati wa kuchukua gari, dai nakala ya jobu kadi na ile karatasi ya mashine ya alaimenti inayoonyesha vipimo vya kabla na baada. Ya "kabla" ndiyo ushahidi wako. Vipimo vya kabla vikionyesha gurudumu lilelile limehama kwa upande uleule kila mara, hakuna haja ya kupandisha sauti. Wakisema hawakuona tatizo, nalo liandikwe, na tarehe, na jina la fundi aliyeliendesha.

Baada ya hapo andika barua ya ukurasa mmoja kwa meneja wa huduma, nakala makao makuu ya mwagizaji. Weka namba ya chesisi, tarehe ya kununua, orodha ya jobu kadi zote na kilomita zake, na ombi moja lililo wazi: wakague viungo vyote vya mbele na reki, wabadilishe kilichoharibika, wakupe majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Ongeza sentensi kwamba tatizo limeripotiwa ndani ya waranti na unataka liendelee kushughulikiwa hata muda ukiisha wakati wa matengenezo. Peleka mkono kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. WhatsApp ni ya kukumbushia tu.

Jambo moja la usalama: mchezo wa usukani ukiongezeka ghafla, au ukisikia mlio wa chuma kugonga kila ukikata kona, egesha. Lipelekwe kwa gari la kuvuta, na andika ni kwa nini hukuliendesha.

SWALI: Gari langu dogo jipya lina stelingi ya umeme. Baadhi ya asubuhi taa ya stelingi inawaka, usukani unakuwa mzito kama jiwe, nikizima na kuwasha linapona. Gereji ya wakala wanapima kwa kompyuta wanasema hakuna kitu. — *Msomaji, Pasiansi*

JIBU: Dada, kosa la kuja na kuondoka ndilo gumu kuliko yote, na kosa kubwa ni kuchomoa waya wa betri "ili lijirekebishe". Ukichomoa unaweza kufuta kumbukumbu ambayo fundi anaihitaji. Mwambie asome makosa yaliyohifadhiwa pamoja na yale ya sasa hivi, na akupe karatasi.

Mota ya stelingi hunywa umeme mwingi kwa mkupuo. Betri iliyochoka ikishuka wakati wa kuwasha, kompyuta ya stelingi inazima msaada ili kujilinda. Betri nzima iliyopumzika usiku husoma karibu volti 12.6, na injini ikiwaka mara nyingi husoma kati ya 13.5 na 14.5. Wapime kwanza hizo, kisha waya wa ethi unaoshika bodi na soketi za mota ya stelingi, kama zina kutu au zimelegea. Vikiwa safi, wanaobaki ni sensa ya nguvu ya usukani na mota yenyewe, na hivyo mara nyingi hubadilishwa kama seti nzima pamoja na nguzo ya usukani.

Kwa kuwa hutokea asubuhi, gari lilale kwao siku mbili. Fundi aliwashe mwenyewe likiwa baridi. Wewe piga video pale linapotokea: taa, kilomita kwenye dashibodi, na mkono ukijaribu kugeuza usukani, vyote kwenye picha moja. Ila usichanganye na hili: ukigeuza usukani mpaka mwisho ukaushikilia hapo muda mrefu, kama watu wanavyofanya wakiegesha kwenye vilima vya Bugando, mfumo hupunguza msaada ili mota isiungue. Hapo hakuna ubovu.

SWALI: Nimesoma kwamba Marekani ukirudisha gari mara kadhaa kwa tatizo lilelile unabadilishiwa. Hapa je? — *Msomaji, Igoma*

JIBU: Marekani kila jimbo lina sheria yake. California, kwa mfano, ndani ya miezi 18 au maili 18,000 za mwanzo, majaribio mawili yaliyoshindwa kwa tatizo linaloweza kuua au kujeruhi vibaya, manne kwa tatizo jingine lilelile, au gari kukaa gereji zaidi ya siku 30 kwa jumla, vinatosha mahakama ianze kwa kuamini kwamba mtengenezaji amepewa nafasi ya kutosha.

Kwetu hakuna hesabu ya namna hiyo. Kuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inayomtaka mfanyabiashara auze kitu kinachofaa kwa kazi yake, na Sheria ya Ushindani namba 8 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC kwa kifupi, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza. Malalamiko hupelekwa kwa maandishi, na faili lile la jobu kadi na barua ndilo litakalosomwa. Madai ya mkataba mahakamani yana miaka 6, lakini usiitegemee miaka hiyo. Ukilitumia gari muda mrefu bila kulalamika, haki ya kulikataa inayeyuka na kinachobaki kudai ni fidia. Na kama ni gari la mkopo, endelea kulipa benki. Mgogoro wako na muuzaji hausimamishi marejesho.

SWALI: Nimenunua gari la mtumba kutoka Japani, muuzaji kanipa waranti ya miezi 3, "injini na gia tu". Usukani unakwama katikati. Sina pa kwenda? — *Msomaji, Kisesa*

JIBU: Waranti hiyo haikusaidii kwa usukani, na ile ya kiwandani ya Japani usiitegemee hapa. Lakini angalia kama gari limeitwa kurekebishwa na mtengenezaji. Oktoba 2024 Honda iliita magari kama milioni 1.7 Marekani kwa sababu ya gia za ndani ya boksi la stelingi zilizosuguana kupita kiasi hadi usukani kukwama; dawa ilikuwa kubadilisha springi na kuongeza grisi. Magari ya soko la ndani la Japani yana namba ya fremu yenye kistari katikati, si ile ya herufi na tarakimu 17, kwa hiyo itafute kwenye tovuti ya Kijapani ya kampuni, si ya Marekani. Kabla hujanunua reki nyingine, mwambie fundi akague na kiungo cha shafti kinachoteremka kutoka kwenye usukani kwenda chini. Kikishika kutu usukani nao hukwama, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na reki.