Buibui wa mwaka 1962

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nipo kidato cha nne hapa Kigoma. Tumesoma mionzi, na sasa najua buibui mwenye mionzi akikung'ata hupati nguvu yoyote. Mbona watunzi wa Spider-Man wameng'ang'ania mambo ya zamani? Nami nachora katuni ya shujaa mvuvi wa Kibirizi. Nguvu zake azipate wapi ili asichekwe baada ya miaka kumi?
Mwanafunzi, Mwanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Fizikia yako iko sawa. Mionzi huvuruga vinasaba. Anayezidiwa nayo huugua, hapandi ukuta. Ila hadithi hiyo ilitoka Marekani mwaka 1962, wakati mataifa makubwa yalikuwa yakilipua mabomu ya nyuklia kwa majaribio. Mwaka huohuo Hulk, shujaa mwingine wa katuni, naye akazaliwa kwa mionzi ya gama. Ukitaja mionzi enzi hizo, msomaji alishtuka bila kuhitaji maelezo.

Tena wamebadilisha. Filamu ya 2002 ilimwondoa buibui wa mionzi, ikamleta aliyebadilishwa vinasaba maabara. Iron Man, shujaa wa vazi la chuma, alitekwa Vietnam katika kitabu cha 1963; filamu ya 2008 ikamhamishia Afghanistan. Vipande vya chuma kifuani mwake vikabaki palepale.

Ile ya 2002 niliiona Ujiji, kwenye kibanda umiza, tumebanana kwenye mabenchi, mkalimani akishindana na jenereta. Buibui alipong'ata, watu waliendelea kutafuna karanga. Lakini Peter, kijana ambaye ndiye Spider-Man, alipomkuta ami yake anakata roho barabarani, na baadaye ikajulikana kwamba mwizi aliyehusika ni yuleyule ambaye yeye mwenyewe alimwacha apite, mkalimani alinyamaza. Mzee aliyekaa mbele yangu akasema polepole, "Si angemzuia tu." Hakuna aliyemjibu. Sauti ile ninayo mpaka leo.

Kwenye Kiswahili mmesoma habari za Fumo Liyongo, aliyeuawa kwa sindano ya shaba kitovuni. Sijamsikia mwalimu wa baiolojia akilalamika. Sindano ukiigeuza kisu, utakuwa umeharibu kidogo. Mwondoe mwanawe aliyemchoma, na Liyongo hayupo tena. Mtoto kumgeuka baba kunauma leo kama kulivyouma zamani, na kijana kumwacha mwizi kwa kiburi, kisha nyumba yake ikalia, vivyo hivyo. Ndiyo maana sikubali kwamba watunzi ni wavivu. Filamu ya Spider-Man ya 2017 haikuonyesha hata kung'atwa kwenyewe. Watazamaji walikuja nayo kichwani.

Sasa mvuvi wako. Mpe nguvu kwa karabai, kwa radi ya ziwani, kwa chochote unachokiamini leo. Siku moja kitachekwa, na hilo lisikuzuie kuchora. Ila kuna jambo hujaniambia, na naomba ulichore kabla ya hizo nguvu: usiku ule ziwani alikuwa na nani mtumbwini, na alimtendea nini?