Barua kwa mwanangu Zuhura, anayetaka kumfuata mumewe Hamburg, Ujerumani

Mwanangu Zuhura,

Sisi huku Tanga tu wazima. Mguu wa bibi yako umepona, na kila jioni anauliza kama umeshapanda ndege.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Umesema shoga yako amekushauri uombe viza ya matembezi, ufike kwa mumeo, halafu kibali cha kuishi mkishughulikie hukohuko. Unaniuliza ufanye hivyo au ubaki Dar usome Kijerumani na kungoja zamu yako ubalozini. Ukaongeza, "Mama, ndoa ina miezi minane, tumekaa pamoja wiki tatu tu." Hilo la mwisho limeniuma.

Hata hivyo nasema ungoje. Viza ya matembezi inakupa siku 90 katika kila siku 180, na fomu yake itakuuliza unakwenda kufanya nini. Utaandika unakwenda kutembea na utarudi, utie sahihi, na wewe umeshauza kitanda na friji! Mimi nimekaa kaunta ya vyeti pale wilayani miaka 22. Nimeona watu wakisumbuliwa na neno moja waliloliandika kwa haraka miaka kumi nyuma. Binamu yako wa Bremen, ambaye nimempigia nikamuuliza kimoja kimoja, anasema anayetaka kuishi kule na mwenzi wake anatakiwa aingie na viza ya kitaifa ya kuungana na familia, aliyoiomba kabla ya kuondoka kwao. Aliyeingia kama mtalii, kwa kawaida anaambiwa arudi akaanze upya. Nauli mara mbili, na majirani wameshakuaga.

Sasa hicho Kijerumani. Kwa kuwa mumeo ameshachukua uraia wa kule, wewe utatakiwa kuonyesha cheti cha A1, ile ngazi ya kwanza kabisa, na Goethe, taasisi ya Wajerumani inayofundisha lugha yao, wapo hapohapo Dar. Mtihani wenyewe una kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza: unajaza fomu, unaandika kijibarua kifupi, unajieleza wewe ni nani na kulitaja jina lako herufi kwa herufi. Ukipata alama 60 kwa 100 umefaulu. Wewe uliyemaliza kidato cha sita unaogopa hilo? Shule ni neno lao. Hata hela ni lao, limetokana na sarafu ya heller waliyotuletea walipotutawala. Umeanza kukisema kabla hujaota meno.

Kinachoninyima usingizi mimi ni majina. Jana nilifungua sanduku nikatoa cheti chako cha kuzaliwa. Kimeandikwa Zuhura Athumani. Pasipoti yako, nakumbuka vizuri, inasema Zuhra Athuman. Cheti cha ndoa sijui shehe aliandika nini, kitazame leo. Herufi mbili tu, utasema. Kwetu herufi mbili si kitu, kila mtu anajua Athuman na Athumani ni huyohuyo. Mtu wa ofisi ya kigeni hajui, na wala si kazi yake kujua. Yeye anaona wanawake wawili. Na kosa ni langu, mwanangu. Ulipochukua pasipoti niliiona tofauti hiyo nikasema tutarekebisha baadaye, mimi niliyekuwa nikiwafokea wenzangu kaunta nzima kwa uzembe huohuo. Basi kabla hujashika miadi yoyote, nenda RITA, wale wakala wa serikali wa vyeti vya kuzaliwa, ukaulize njia ya kuviweka vyeti vyote viwe na jina moja, na uwaulize ubalozi kama kiapo cha wakili kitawatosha au wanataka zaidi. Usimpe mtu wa kati pesa akufanyie. Mimi niliwahi kumpa mmoja, mwaka ule baba yako alipokuwa Maskati nikataka kumfuata. Alikula pesa, akapotea na picha zangu nne za pasipoti. Ndiyo maana umezaliwa Tanga.

Ada ya viza hutozwi, kwa kuwa wewe ni mke wa raia wao. Vyeti vya Kiswahili vitafsiriwe kwa Kijerumani na mfasiri anayekubalika. Ukishawasilisha, faili haliamuliwi Dar peke yake: linapelekwa ofisi ya wageni ya mji anaoishi mumeo, nao mpaka waridhie. Kwa hiyo ukikaa kimya miezi kadhaa usidhani wamekutupa, na mwambie mkwe wangu aulizie kwa upande wake. Mnaweza pia kuhojiwa, wewe huku na yeye kule, kuona kama ndoa ni ya kweli. Msikariri majibu kama watoto wa madrasa. Lakini ni vizuri mume ajue mkewe ana ndugu wangapi, maana siku ya harusi alimwita mjomba wako Salim "baba mkwe" mara mbili.

Kuna jambo jingine, na hili lisome ukiwa peke yako. Mkwe wangu nampenda, sina neno naye. Ila kibali watakachokupa kitakuwa kimesimama juu ya ndoa. Ndoa ikivunjika kabla hamjaishi pamoja kule miaka 3, kwa kawaida huna haki ya kubaki kwa jina lako mwenyewe, isipokuwa kuna dhiki kubwa, kama mke anayepigwa. Baada ya miaka hiyo 3 ndoa ikiwa nzima, na Kijerumani chako kikiwa kimefika B1, yaani ngazi ya tatu, unaweza kuomba kibali cha kudumu. Kwa hiyo usiishie A1 ukajifungia jikoni kumpikia pilau. Kibali chako kitakuruhusu kufanya kazi tangu mwanzo, fanya. Pasipoti yako ikae kwenye mkoba wako, si kwenye droo ya mtu. Na uraia wao usiukimbilie, kwa sababu sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na mimi bado nataka uje kurithi kiwanja cha Pongwe bila maneno.

Pesa ya mtihani nimeshakutumia kwa simu, angalia. Cheti cha kuzaliwa sikitumi kwa basi. Ijumaa nitapanda nacho mwenyewe, nije nikione na hicho cha shehe, twende RITA pamoja Jumatatu asubuhi kabla foleni haijawa ndefu.

Mama yako